Tosamaganga hadi Kilwa kwa Basi: Mpango wa Safari Isiyo na Haraka

Shule zinapofungwa mwezi Juni, familia nyingi za Kiislamu hutawanyika bila ya kukusudia. Watoto hupelekwa kwa shangazi, baba hubaki na kazi zake, mama huenda kwao, na wazee huachiwa simu ya mkononi. Sisi wa nyumba hii ya Tosamaganga tumeazimia safari hii kusafiri pamoja, watu sita, kwa usafiri wa umma, kutoka nyanda hizi za juu hadi Kilwa Kivinje. Tumeazimia pia kutofika haraka. Tunauandika mpango wetu hapa kwa kuwa wapo wasomaji wenye mzee wa kusafirisha, watoto wa kufunza na mfuko usioruhusu gari la kukodi, nao huenda wakapata cha kuchukua.

Msafiri mkuu katika msafara huu ni mama yetu, ambaye watoto humwita Bibi. Ni mzaliwa wa Kivinje. Aliolewa akaletwa Iringa katika miaka ya 1970, na mara ya mwisho alipokwenda kwao, Mto Rufiji ulikuwa bado unavukwa kwa pantoni pale Ndundu. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003. Hesabu hiyo inatosha kumwonesha msomaji ni Idi ngapi amezisherehekea mbali na dada yake mkubwa, ambaye angali hai, macho yake yameingia ukungu, na kila simu huimaliza kwa kuuliza kama magoti ya mdogo wake bado yanakubali kupanda gari. Yanakubali, alhamdulillah, lakini si kwa saa tisa mfululizo.

Sababu ya pili aliileta binti yetu wa darasa la sita. Tosamaganga ni mahali palipokulia ubavuni mwa misheni ya Kikatoliki iliyoanza miaka ya mwisho ya karne ya 19, na majengo yake yanaonekana kutoka mbali. Majirani zetu ni watu wema, na magoti ya mama yanatibiwa katika hospitali ya misheni hiyo hiyo. Msikiti wetu ni mdogo, wa bati, na kwa kuwa ukatibu wa kamati yake umo katika nyumba hii, tunajua hata idadi ya mifuko ya saruji iliyobaki stoo. Siku moja binti alirejea kutoka shuleni akauliza, “Kwani sisi hatuna kitu cha zamani?” Hakuuliza kwa uchungu. Lakini mtoto anayedhani kuwa dini yake ilifika juzi hukua na dhana hiyo, na jibu la mdomo tu halimtoshi.

Jibu lake lipo Kilwa Kisiwani. Msikiti Mkuu wa kisiwa kile ulianza kujengwa karne ya 11, ukapanuliwa katika karne zilizofuata kwa nguzo na kuba za mawe ya matumbawe na chokaa. Ibn Battuta alifika hapo mwaka 1331, akawataja watu wake kuwa ni wafuasi wa Imam Shafi, na akamsifu sultani wao, al-Hasan bin Sulaiman, kwa ukarimu. Magofu hayo, pamoja na yale ya Songo Mnara, yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 1981. Hatumpeleki binti huko ili akashindane na wenziwe. Tunataka aguse ukuta.

Jambo lilipofika kwenye shura ya familia, maoni hayakukosekana. Ndugu wa Dar es Salaam walishauri tukodi gari dogo, tuondoke usiku, tufike kesho yake. Gharama yake ingemeza nauli zetu zote za kwenda na kurudi, na mama angefika akiwa mgonjwa. Mzee mmoja wa kamati naye alitukumbusha Hadithi inayotaja taabu ya safari na kumhimiza msafiri asikawie kurudi kwa watu wake akishamaliza haja. Tuliipokea nasaha hiyo kwa heshima. Kisha tukajiuliza, watu wetu ni nani, nao wako wapi? Nusu yao wako Kivinje.

Kanuni tuliyoifikia ni moja, nayo ndiyo iliyopanga mengine yote: hatua yoyote ya safari ianze baada ya Alfajiri na imalizike Adhuhuri au karibu yake. Msafiri wa basi anajua kwa nini. Mchana ukishapinduka, joto huzidi, watoto huchoka, dereva hukimbizana na muda, na kuomba gari lisimame kwa ajili ya Swala huwa jambo la kubembelezana, ilhali kusimama kuchimba dawa hakuna anayekukatalia. Ukishuka Adhuhuri una maji, una kivuli, una mahali pa kusujudu, na mzee ana mchana mzima wa kunyoosha miguu.

Kabla ya kuiamini kanuni hiyo tuliijaribu karibu na nyumbani. Jumamosi moja tulikwenda Kalenga, palipokuwa na ngome ya Mtwa Mkwawa iliyovunjwa na Wajerumani mwezi Oktoba 1894. Wazee husema jina la Tosamaganga, yaani kutupa mawe, linatokana na mizinga iliyoelekezwa Kalenga kutoka kilima hiki chetu. Watoto walilitazama fuvu la Mkwawa, lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, kwa ukimya ambao hatukuwahi kuuona darasani wala madrasa. Mama alipanda haisi, akashuka, akatembea, akakaa chini ya mti, akarudi. Tulijifunza kwamba anahitaji kiti cha kando ya njia ili aunyooshe mguu wa kulia, na kwamba begi la dawa lisiwekwe kwenye buti.

Siku ya kwanza, basi, tutashuka kwa haisi hadi mjini na kupanda basi la asubuhi katika stendi kuu ya Igumbilo, tiketi zikiwa zimekatwa mapema ili viti viwe pamoja. Mwisho wa hatua hiyo ni Morogoro, si Dar es Salaam. Ni zaidi ya kilomita 300, na katika hizo mtoto wa nyanda za juu huona nchi ikibadilika mbele ya macho yake: kona za Kitonga zinazoporomoka hadi bonde la mibuyu, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni vilivyopangwa barabarani kwa mafungu, kisha Mikumi, ambako barabara kuu hukatiza hifadhi kwa kilomita kama 50 na abiria huweza kuona twiga na tembo bila ya kulipa kiingilio. Kwa wanaotumia magari binafsi tunawaonea huruma kidogo: dereva wao hatazami twiga.

Morogoro tutalala siku mbili kwa rafiki wa tangu masomo ya chuo. Sunna inampa mgeni haki ya siku tatu. Sisi tumechukua mbili, ya tatu tumemwachia mwenyeji. Ni mji wa milima na maji, na mama ameomba jambo moja tu, kukaa barazani akiitazama Uluguru.

Kutoka hapo tutapanda treni ya umeme ya SGR, iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024. Safari haifiki saa mbili, kiti hakiruki, na choo kipo humo humo. Mwenye mzee anajua thamani ya neno hilo la mwisho. Kitambulisho kinahitajika wakati wa kukata tiketi, kwa hiyo ukaguzi wa nyaraka ufanyike nyumbani, si dirishani. Wasomaji wa Mbeya na Makambako wanayo reli ya TAZARA, ambayo ilikamilika katikati ya miaka ya 1970 na hupita katika nchi nzuri mno ya Kilombero. Kwetu sisi kuifuata ni kurudi nyuma hadi Makambako, na treni zake za abiria hupita siku chache tu za wiki.

Dar es Salaam ni usiku mmoja, Mbagala, kwa sababu mabasi ya kusini hupatikana upande huo. Hatukuona faida ya kuvuka jiji zima kwa ajili ya kulala.

Hatua ya mwisho, kama kilomita 300, ndiyo inayotaka tahadhari ya majira. Mwezi Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya kusini maeneo ya Somanga, na wasafiri wakakwama. Kwa hiyo tumekataa miezi ya masika kabisa. Idi ya kuchinja tutaiswali hapa hapa, kwa kuwa orodha ya mgao wa nyama haiwezi kumwacha katibu aondoke, kisha ndipo tutafunga mizigo. Nangurukuru tutashuka, na kutoka hapo Kivinje si mbali, bajaji zipo.

Watoto wamepewa kazi ya kuandika jedwali la Swala, na hapo ndipo elimu ya chuoni ilipopata matumizi. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, njiani na katika vituo vya siku moja au mbili tutafupisha Swala za rakaa nne na tunaweza kuzikusanya. Magharibi na Alfajiri hazifupishwi, na tukiswali nyuma ya imamu mkazi tutakamilisha pamoja naye. Kivinje tumenuia siku kumi, kwa hiyo tangu tunapofika Swala ni kamili. Kijana wetu wa miaka tisa aliuliza kama haingekuwa bora kuhama nyumba kila baada ya siku tatu. Tulimwandikia swali lake kwenye jedwali, chini, kwa kalamu nyekundu.

Siku hizo kumi hatukuzipangia ratiba. Siku moja tu itakuwa ya Kisiwani: kibali kutoka ofisi inayohusika iliyopo Kilwa Masoko, mashua ya asubuhi wakati maji yanaruhusu, kofia, maji ya kunywa, na mavazi ya heshima kama waendao msikitini, kwani hata gofu la msikiti si uwanja wa kupigia picha za mzaha. Mama hatavuka. Amesema kisiwa kile amekiona, na dada yake hajamwona.

Fedha tumeiweka kidogo kidogo, shilingi 20,000 kila Jumamosi tangu Muharram, kutokana na viazi na kuku, na imekaribia milioni moja. Nauli tunazilinganisha na viwango vya LATRA kabla ya kulipa. Malazi ni ya ndugu na rafiki, nasi tunakwenda na gunia la maharage, viazi mviringo na mafuta ya alizeti, maana mgeni wa nyanda za juu hafiki pwani mikono mitupu.

Limebaki jambo moja. Juma lililopita, tulipokuwa tukihesabu nauli za kurudi, mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba yake isikatwe kwanza. Hakueleza zaidi, nasi hatukumuuliza mbele ya watoto. Daktari wake yuko hapa, wajukuu wake wako hapa, na kaburi la baba liko hapa. Dada yake yuko kule, haoni vizuri, na analala peke yake. Tumeandika tiketi tano za kurudi, na mbele ya jina la mama tumeacha nafasi.