Kelele ya Kufukuza na Kelele ya Kuita

Kila Pentekoste mji wa Leipzig hapa Ujerumani hujaa wapenzi wa muziki wa gothiki, takriban watu 20,000, wengi wamevaa nyeusi tangu utosini hadi unyayoni. Mtu wa Mombasa au Unguja angepita katikati yao bila kushtuka. Kwetu buibui huenda sokoni na huenda harusini, na weusi wake haumwambii mtu kwamba aliyelivaa ana majonzi. Katika muziki tunakuwa wepesi zaidi wa kuhukumu: tukisikia chuma kikigongwa na spika zikikoroma, tunasema huu ni muziki wa huzuni, au wa mashetani. Chuma hakina huzuni. Swali ni anayekigonga anataka nini kwa wanaomsikia, na hapo ndipo albamu za huku na za upande wetu zinapoachana: za huku zinamtaka msikilizaji arudi nyuma, za kwetu zinamtaka asogee.

Chukua albamu ya bendi ya Throbbing Gristle wa London ya mwaka 1979, 20 Jazz Funk Greats. Jina lenyewe ni mtego, jazi haimo. Jaladani watu wanne wamesimama kwenye nyasi zenye maua, wanatabasamu kama wanatangaza hoteli ya likizo. Lakini pale ni Beachy Head, jabali ambalo Waingereza wanalijua kwa watu waliojitupa baharini. Aliyevutwa na tabasamu lile akifika nyumbani anakutana na mashine zinazoguna. Miaka 2 baadaye Einstürzende Neubauten wa Berlin Magharibi, ambao jina lao ni majengo mapya yanayoporomoka, walitoa Kollaps, albamu ya mabati, nyundo na drili. Januari 1984 baadhi yao walipanda na wenzao kwenye jukwaa la ukumbi wa ICA, London, wakaanza kulitoboa jukwaa lenyewe. Ila kwangu albamu kuu ya upande huu wa Ulaya ni Closer ya bendi ya Joy Division, iliyotoka Julai 1980, miezi 2 baada ya mwimbaji wao Ian Curtis kujiua. Picha ya kaburi la Genoa iliyoko jaladani ilichaguliwa akiwa bado hai. Haina kelele nyingi. Ngoma iko peke yake, besi iko peke yake, sauti ya mtu iko mbali kama inatoka chumba cha pili, na msikilizaji anaachwa nje ya mlango.

Sasa nenda Kinshasa. Mawangu Mingiedi, mwanzilishi wa Konono Nº1, alipiga likembe, ala ya vijiti vya chuma vinavyochezwa kwa vidole gumba. Mjini likembe haisikiki. Magari na watu wanaimeza. Basi kundi lake likatengeneza maikrofoni kutokana na sumaku za magari chakavu na kupitisha sauti kwenye tarumbeta kubwa za matangazo. Sauti ikatoka imekwaruzika, na mkwaruzo ule ukabaki kuwa ladha yao. Albamu yao Congotronics ilipotoka 2004, wasikilizaji wa Ulaya walidhani wamekutana na wanamuziki wa majaribio, kumbe shida ya mzee ilikuwa watu wamsikie. Dar es Salaam nako, albamu ya mkusanyiko Sounds of Sisso ya 2017 ina nyimbo za singeli kutoka studio ya Mburahati, nyingine zinapita midundo 200 kwa dakika. Ukiipunguza kasi utabaki na vipande vya taarabu vilivyokatwakatwa. Kwa kasi ile inakaribia mashine ya kiwandani kuliko chochote kilichorekodiwa Berlin, na watu wanaicheza uchochoroni, kwenye sherehe za mtaani ziitwazo vigodoro, mpaka kunakucha.

Mtu atasema ninalazimisha undugu, maana Mingiedi hakuwa mwanafunzi wa Neubauten. Ni kweli, na ndiyo maana mfano unafaa: pande mbili zimeokota chuma kile kile bila kuigana. Wapo pia watakaosema huzuni ya huku ni anasa ya walioshiba. Hilo silikubali, Curtis alikuwa mtumishi wa ofisi ya ajira, akishinda na watu wanaotafuta kazi. Pingamizi lenye uzito ni Duma, vijana 2 wa Nairobi waliotoa albamu yenye jina lao mwaka 2020. Mswahili akiona jina hilo atamfikiria mnyama mwenye mbio, lakini kwa Kikuyu ni giza, na albamu ni giza kweli: mayowe, ngoma za mashine, hakuna pa kupumzika. Duma wanaivunja kanuni yangu, nami nawaachia waivunje. Wanaonyesha kwamba kumrudisha msikilizaji nyuma si mali ya Ulaya. Ni uamuzi, na msanii wa Nairobi ana haki nao sawa na wa London.

Ukitaka kunipinga, jaribu hivi Jumamosi jioni. Weka Kollaps, kisha Congotronics, spika zile zile, sauti ile ile, bila kugusa kitu. Angalia ni ipi itakayomfanya jirani agonge ukuta, na ni ipi itakayomfanya agonge mlango.