Anza na Morse kabla ya kugusa pampu

Ndugu mkulima, wengi mnaniuliza namna ya kutengeneza kifaa cha kuwasha na kuzima pampu ya maji bila mtu. Usianze na pampu. Anza na kifaa cha kutuma Morse, zile herufi za milio mifupi na mirefu. Mimi nilijifunza programu kwa hicho, jioni baada ya kazi. Ukikosea kwenye pampu unaunguza mota. Ukikosea kwenye Morse unasikia mlio wa ajabu, basi.

Unahitaji bodi ya Arduino, kispika kidogo, nyaya na vitufe viwili: cha nukta na cha mstari. Nukta ni kipimo kimoja cha muda, mstari vitatu. Herufi A ni nukta na mstari. Ukiandika kipimo ni milisekunde 100, mstari utalia 300. Ukitaka kasi zaidi, unabadilisha namba hiyo moja tu.

Shule yenyewe iko kwenye kitufe. Unabonyeza mara moja, mlio unatoka mara mbili. Bodi si mbovu: vyuma vya ndani hurukaruka kidogo kabla ya kutulia. Iagize programu isubiri milisekunde 20, kisha isome tena. Boya la tenki nalo hufanya hivyo maji yakitikisika, na pampu inayowaka na kuzima ovyo haidumu. Huko subira iwe sekunde kadhaa.

Rilei ya pampu utanunua ukishaweza kutuma jina lako lote bila kosa. Kuunganisha umeme wa pampu, mwachie fundi.