Kwa Nini Dereva Anakuuliza Unaenda Wapi

Najua inavyokukera. Umeita gari, ramani inaonyesha niko dakika tano tu, halafu simu inalia: "Dada, samahani, unaenda wapi? Unalipa keshi au kadi?" Mwaka wa nane huu naendesha teksi mtandao Dar es Salaam, na swali hilo naliuliza kila siku. Ngoja nikueleze linatoka wapi.

Juzi nilikuwa Sinza, ombi likaingia la Makongo Juu. Nikapanda kilomita nne gari tupu, nusu yake vumbi na mawe. Nikamkuta mama amembeba mtoto mwenye homa, anakwenda hospitali hapo Mwenge. Nauli ikasoma 5,000. Kamisheni asilimia 25, yaani 1,250 imeondoka. Hiyo 3,750 iliyobaki ndiyo ya mafuta, bando, kuosha gari, na hesabu ya tajiri mwenye gari, 25,000 kwa siku, umepata hujapata. Gari lenyewe ni Toyota IST ya mkataba. Bushi zikifa kwenye mashimo yale, fundi ananidai mimi. Na zile kilomita nne za kumfuata abiria hakuna anayezilipa.

Yule mama sikumuuliza anakwenda wapi. Ningemuuliza, huenda nisingekwenda, na hilo linaniuma kuliko mafuta.

Uber iliingia Dar mwaka 2016, wengine wakafuata. Kampuni iliyonisajili mimi ilikuja na bonasi: fikisha safari kadhaa kwa wiki, unaongezewa hela, na abiria naye anapewa punguzo. Tukaitana. Mimi mwenyewe niliwatoa wenzangu wanne kwenye kijiwe cha teksi. Magari yalipojaa, bonasi zikapungua, mwisho zikakatika, na ile bei ya punguzo ndiyo abiria alishaizoea. Kampuni haikununua gari hata moja. Imekua kwa matairi yetu.

Machi 2022 LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, ikapanga nauli na kuagiza kamisheni isizidi asilimia 15. Kijiweni tulishangilia, tukanunuliana soda. Mwezi uliofuata Uber ikasimamisha huduma, na sisi tuliokuwa tunaitegemea tukabaki na magari yanayodaiwa hesabu ileile.

Miezi ile niliishi kwa namba za wateja wa zamani. Watu wanasema si afadhali, hakuna kamisheni? Safari ya nje ya mtandao haina rekodi. Ukipotea, hakuna anayejua ulikuwa wapi. Nilikuwa namtumia mke wangu ujumbe kila ninapoondoka: nimebeba nani, naelekea wapi. Usiku mmoja nilimpeleka jamaa Madale. Akashuka gizani, akasema anaingia ndani kuchukua hela. Nilisubiri dakika arobaini mbele ya geti, mlinzi akatoka kuniambia mtu huyo hamjui.

Mwisho wa mwaka huohuo kamisheni ikaruhusiwa kufika asilimia 25, na Januari 2023 Uber ikarudi. Kijiweni siku hiyo hakuna aliyenunua soda.

Nimesema nauliza pia keshi au kadi. Ukilipa kadi, hela yangu inakuja baada ya siku kadhaa, na mafuta nayataka leo. Ukilipa keshi, fungu la kampuni linabaki kwangu kama deni, linapanda safari hadi safari. Likifika kiwango chao, akaunti inafungwa mpaka nilipe. Mwezi uliopita ilinifungia Tegeta jioni, mvua inapiga, watu wamejaa barabarani wanatafuta usafiri. Mimi nimepaki pembeni, nampigia shemeji anikopeshe 12,000 nifunguliwe.

Alituma baada ya nusu saa. Nikalipa, nikawasha, ombi la kwanza likaingia: abiria yuko Bunju, kilomita sita kumfuata. Nikaangalia mshale wa mafuta, nikapiga simu.

"Kaka, samahani, unaenda wapi?"