Jumba la Chuma Ukingoni mwa Mto

Leo twendeni pamoja mpaka Bilbao, mji wa Wabaski, upande wa kaskazini wa Hispania. Mji huu umejengwa bondeni, kando ya mto Nervión, karibu kilomita 15 kutoka baharini. Zamani milima yake ilitoa mawe ya chuma, na ukingoni mwa mto walifanya kazi mafundi wa kuyeyusha chuma na kuunda meli. Chuma ndicho kilichowapa watu mkate wao. Lakini katika miaka ya 1980 kazi hizo zilianguka. Karakana kubwa ya meli iitwayo Euskalduna ikafungwa, na baba wengi wa jamaa wakabaki mikono mitupu.

Ndipo wakubwa wa nchi ile walipoamua kujenga jumba la makumbusho ukingoni pale. Wengi walinung'unika: kwa nini fedha nyingi hivyo zitumike kwa picha na sanamu, hali wafanyakazi wanakosa mshahara? Ulizo hilo halikuwa la kipumbavu. Hata hivyo kazi ilianza mwaka 1993, na mlango ukafunguliwa Oktoba 1997.

Ukilitazama kutoka ng'ambo ya mto, waona kuta zilizopinda kama tanga lenye upepo, nazo zang'aa kama magamba ya samaki. Magamba hayo ni vibati vya titani vipatavyo 33,000, vyembamba kiasi cha nusu milimita. Vibati hivyo havibebi kitu. Kinachobeba ni nini basi?

Ni mifupa ya chuma iliyofichwa ndani. Frank Gehry alibuni umbo; mainjinia wa kampuni ya Skidmore, Owings & Merrill ya Chicago walitafuta namna ya kulisimamisha. Programu ya kompyuta, iliyotungwa Ufaransa kwa kazi ya ndege, iliwaonyesha mahali pa kila kipande. Nao hawakuvipinda vyuma vikubwa. Walichukua vipande vilivyonyoka, wakavifunga kwa bolti vikawa kama wavu, kila tundu lake mita 3 hivi. Mpindo watokea pale vipande vinapokutana, kila kimoja kikiinama kidogo kuliko jirani yake. Ajuaye kujenga nyumba ya fito atafahamu upesi: ufito mmoja huvunjika, bali fito zilizofungwa pamoja hubeba ukuta wote wa udongo. Hivyo ukumbi ulio mkubwa kuliko zote, wenye urefu wa mita 130 na upana wa mita 30, wapita chini ya daraja la La Salve bila nguzo hata moja katikati.

Mwaka wa kwanza walifika wageni zaidi ya milioni moja, na mji ukapata riziki mpya. Lakini si jumba peke yake lililofanya hivyo: maji ya mto yalisafishwa, na reli ya chini ya ardhi ilifunguliwa mwaka 1995. Tena si kila fundi wa meli aliyerudishiwa kazi. Jumba moja haliokoi mji, kama vile chuma kimoja kisivyobeba jumba.