Adapta Moja Ilitaka Kuninyima Bro

Kama unacheza game za kitambo na laptop yako haioni wenzako, post ya leo ni yako.

Bro wangu yuko Doha, kazi ya ulinzi. Yeye ndiye alikuwa ananilipia karo ya campo. Nilipoacha masomo mwaka wa pili hakunitusi. Alininyamazia tu, miezi saba. Kisha Ijumaa moja akatuma meseji: "Bado uko na Age of Empires II?"

Hiyo game ya 1999 tulikua nayo kwa saiba, shilingi moja kwa dakika. Tukaweka Hamachi, ile programu inafanya kompyuta zilizo mbali zijione kama ziko chumba kimoja. Akafungua game. Kwangu, hakuna kitu. Tukajaribu mara kumi. Akaandika, "Basi, wachana nayo."

Maze, hiyo iliuma. Niliisoma kama "hata hii imekushinda."

Shida haikuwa bando. Game hizi zikitafuta wachezaji huita kwenye mtandao: nani yuko? Ukiwa na adapta kadhaa, mara nyingi Windows hupitisha huo wito kwa moja tu, iliyo mbele kwenye foleni. Kwangu, mbele ilikuwa adapta bandia ya programu niliyoweka kwa somo moja la campo. Sikuwa nimeigusa tangu nitoke.

Dawa ni hii. Bonyeza Windows na R, andika ncpa.cpl, kisha Enter. Adapta bandia usiyotumia, right-click, chagua Disable. Wi-Fi usizime, ndiyo inabeba kila kitu. Ikikataa bado, ingia Properties za Hamachi, IPv4, Advanced, toa tiki kwa Automatic metric, andika 1. Nambari ndogo ndiyo hutangulia. Ruhusu game kwa firewall pia, lakini usizime firewall yote. Ukimaliza kucheza, rudisha tiki.

Saa saba usiku jina lake likatokea. Alinichapa vibaya sana.

Halafu akauliza, "Umeitengeneza aje?" Nikamweleza yote, pole pole. Akajibu, "Kumbe unajua vitu."

Mambo ya karo bado hatujaongea. Ijumaa hii tunacheza tena. Nadhani nitaanza mimi.