Kwa Miguu Kutoka Kariakoo Mpaka Boma la Kale

Wengi wenu mmesikia habari za Machu Picchu, mji wa mawe wa Wainka, ulio juu ya milima ya Peru, yapata mita 2,400 juu ya bahari. Ulijengwa katika karne ya 15, kisha ukaachwa, msitu ukaufunika. Watu hutoka nchi za mbali, wakapanda kwa miguu siku kadha wa kadha, ili wauone. Sisi hatuna nauli ya kufika huko. Walakini safari ya namna hiyo yaweza kufanywa hapa kwetu kwa asubuhi moja, kwa maana Dar es Salaam nao ni mji uliopata kuwa magofu.

Tulianzia Kariakoo. Jina hilo latokana na Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi. Waingereza walipoutwaa mji mwezi wa Septemba 1916, wapagazi wao walipiga kambi mahali hapa. Walichukua vichwani chakula na risasi za jeshi, na makumi ya maelfu yao wakafa katika vita ile, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa silaha. Leo wachuuzi huuza kanga, vitunguu na sufuria juu ya ardhi ileile, na mtoto anayetumwa nyanya hajui anataja jina la nani.

Hapo tuliliona soko kuu, kazi ya msanifu wetu Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975. Paa lake la saruji ni mfano wa miavuli iliyogeuzwa juu chini, ipate kukinga maji ya mvua. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto uliliunguza. Tena mwezi wa Novemba 2024 jengo la ghorofa lilianguka papo hapo Kariakoo, wakafa watu zaidi ya 20. Maneno haya tuliyachukua moyoni tulipokuwa tukienda.

Tukashika Mtaa wa Uhuru, tukapita Mnazi Mmoja na mnara wa saa, hata tukafika kwenye sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927. Askari wa shaba ameelekeza bunduki yake upande wa bandari. Maandishi yaliyo chini yake yawakumbuka wapagazi pia, lakini mpagazi mwenyewe hana sanamu. Aliyebeba mzigo amepewa maneno tu, na jina la soko.

Kisha tukateremka pwani, tukayapita makanisa mawili yaliyojengwa zamani za Wajerumani, la Azania Front na la Mtakatifu Yosefu, ndipo tukalifikia Boma la Kale. Sultani Majid wa Unguja ndiye aliyeanza kujenga mji hapa katika miaka ya 1860, na nyumba hii ilikuwa ya wageni wake. Alipokufa mwaka 1870 kazi ikaachwa, majumba yakabomoka. Wajerumani walikuja mwaka 1887, na mwaka 1891 wakaufanya mji kuwa makao ya serikali yao. Jumba la Sultani halipo tena, bali Boma lingali limesimama: kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na mlango wa mbao ulionakshiwa.

Tulitia mkono juu ya ukuta ule, tukayafikiri ya Kariakoo. Nyumba haidumu kwa urefu wake, bali kwa uaminifu wa fundi na utunzaji wa wenyeji. Machu Picchu ina walinzi, kwa kuwa ulimwengu wote waijua. Nyumba zetu za kale zavunjwa moja moja, wala si wengi wanaozihesabu.

Basi, ninyi walimu, wachukueni wanafunzi wenu kwa miguu katika njia hii. Wazazi, waulizeni wazee wa nyumbani kama alikuwako mpagazi katika ukoo wenu, mkaliandike jina lake, maana mawe hayakuliandika.