Dodoma kwa Treni, na Namba za Wakulima wa Zabibu

Sikuwahi kufika Dodoma kabla ya safari hii. Asubuhi nilipanda treni ya SGR katika Stesheni ya Magufuli, Dar es Salaam, nikiwa na begi la nguo na laptopu yenye mradi wa chama kimoja cha ushirika (AMCOS) cha wakulima wa zabibu. Huduma hii ilizinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti 2024, na mtu aliyekulia kwenye simulizi za basi la kutwa nzima bado hushangaa akiambiwa kwamba chakula cha mchana atakula Dodoma. Saa zile za kwenye kiti nilizitengea kazi moja: kuchagua zana za kukagua aina za data, na zana za kuzalisha msimbo wenye aina, kabla kilo za mkulima yeyote hazijaingia kwenye mfumo wetu.

Mfumo wenyewe una pande mbili. Seva naiandika mimi kwa Python. Kurasa atakazotumia karani anaziandika mwenzangu aliyeko Arusha, kwa TypeScript. Python, pamoja na JavaScript ambayo TypeScript imejengwa juu yake, ni lugha zisizouliza mapema kitu ni cha aina gani. Unaweza kuweka maandishi mahali pa namba na programu ikaendelea kufanya kazi, hadi siku malipo yatakapotoka pungufu. Vikaguzi vya aina vilikuja kuziba pengo hilo. TypeScript ilitolewa na Microsoft mwaka 2012 chini ya Anders Hejlsberg, yule yule wa Turbo Pascal na C#. Upande wa Python, Jukka Lehtosalo alianzisha mypy akiwa mwanafunzi wa udaktari Cambridge, na mwaka 2015 Python 3.5 ikaja na utaratibu rasmi wa kuandika aina, unaojulikana kama PEP 484. Pyright ya Microsoft ikafuata mwaka 2019.

Pugu ilipobaki nyuma nilianza kuendesha mypy na Pyright juu ya msimbo uleule. Mradi wetu una msimbo mpya, wenye maelezo ya aina kila mahali, na msimbo wa zamani tulioukuta, usio na maelezo yoyote. Kwenye ule wa zamani mypy ilinyamaza. Pyright ilijaza skrini mistari myekundu.

Tofauti hiyo ina sababu. Mypy, ukiiacha kama ilivyo, haiingii ndani ya funksheni isiyo na maelezo ya aina, inaipita tu. Pyright inaingia na kujaribu kubaini yenyewe kila kitu ni nini. Mfano mmoja ulinikaa. Tuna funksheni mpya inayomtafuta mkulima kwenye kanzidata na kurudisha taarifa zake, au `None` asipopatikana. Ndani ya msimbo wa zamani kuna mahali inapoitwa, na mstari unaofuata unachukua namba ya simu ya mkulima huyo papo hapo, bila kuuliza kwanza kama amepatikana. Karani akikosea tarakimu moja, mfumo ungerudisha kosa katikati ya foleni ya watu wanaosubiri kupimiwa. Pyright iliuona mstari ule mara moja. Mypy nayo iliuona nilipoiongezea `--check-untyped-defs`, lakini lazima uwe unajua kwamba kuna kitu cha kuongeza.

Kwa anayerithi msimbo wa watu wengine, kama sisi, nachagua Pyright bila kusita. Wanaojenga kwa Django wana sababu nzuri ya kubaki na mypy, kwa kuwa inakubali programu-jalizi za kuisaidia kuielewa Django, na Pyright haizikubali.

Siku hizi mazungumzo mengi kuhusu zana hizi ni ya kasi. Machi 2025 Microsoft ilitangaza kwamba inaihamishia TypeScript kwenye lugha ya Go. Ukaguzi wa msimbo wa VS Code, wenye mistari takribani milioni 1.5, ukashuka kutoka sekunde 77.8 hadi 7.5. Mwaka huohuo Python ikapata vikaguzi viwili vilivyoandikwa kwa Rust, ty ya Astral na Pyrefly ya Meta. Nazifurahia habari hizi, na kwa kampuni yenye mamilioni ya mistari ni neema kubwa. Mradi kama wetu unakaguliwa kabla hujamaliza kufungua chupa ya maji. Hatari yetu ilikuwa kwenye mpaka kati ya Python yangu na TypeScript ya mwenzangu, mahali ambapo kikaguzi cha upande mmoja hakioni cha upande wa pili.

Milima ya Uluguru ilipita kushotoni, watu wakashuka na kupanda Morogoro, kisha tukaingia maeneo ya Kilosa yenye mahandaki, ambako mtandao ulikatika na kurudi. Hapo nikahamia kwenye zana za kuzalisha msimbo. Seva yetu imejengwa kwa FastAPI, ambayo hutoa yenyewe hati ya OpenAPI: maelezo ya kila anwani ya mfumo, inapokea nini na inarudisha nini. Kutoka kwenye hati hiyo zana nyingine inaweza kuandika aina za TypeScript bila mkono wa mtu. Nilikuwa na mbili za kulinganisha. OpenAPI Generator, iliyojitenga na Swagger Codegen mwaka 2018, inazalisha msimbo kamili wa kuwasiliana na seva, kwa lugha kadhaa. Inahitaji Java, na ilinijazia folda kwa mafaili ambayo mwenzangu asingekuwa na muda wa kuyasoma. Ya pili, openapi-typescript, inatoa faili moja la aina tu. Wenye programu za Android, iOS na wavuti kwa pamoja watafaidika na ya kwanza. Kwa timu ya watu wawili wanaohesabu bando, ya pili inatosha.

Faili hilo ndilo lililonionyesha jambo ambalo ningependa kila mtengeneza programu alione. Kilo za zabibu, upande wa seva, nimezihifadhi kama `Decimal`, ili desimali zisipotee. Pydantic, inayoandaa majibu ya FastAPI, hutuma `Decimal` ikiwa maandishi. Mwenzangu, katika aina alizoandika kwa mkono, alikuwa ameweka `kilo: number`, kama ambavyo yeyote angeweka, na kikaguzi chake kikamwamini. Sasa fuata hesabu. Mkulima analeta mzigo wa kilo 412.5, kisha mwingine wa 380. Ukurasa unaanza na jumla ya 0 na kuongeza. JavaScript ikikutana na namba na maandishi kwenye alama ya kujumlisha, inayaunganisha: `0412.5380`. Yakigeuzwa kuwa namba yanakuwa 412.538. Mkulima aliyeleta kilo 792.5 analipwa kwa kilo zisizofika 413, na hakuna kosa lolote lililoonekana kwenye skrini. Aina zilizozalishwa kutoka kwenye hati zilisema `kilo: string`, na TypeScript ikaukataa mstari huo hapo hapo. Kikaguzi huamini unachokiambia. Nguvu ya kuzalisha aina ni kwamba anayekiambia ni seva yenyewe.

Dodoma ilinipokea kwa jua kali na upepo mkavu. Kutoka Stesheni ya Samia Suluhu Hassan nilipanda bajaji hadi mjini, kisha gari la kuelekea Mpunguzi, barabara ya Iringa. Mizabibu ilianza kuonekana pembeni, imefungwa kwenye nguzo na nyaya, ardhi chini yake nyekundu.

Ofisi ya AMCOS ni chumba kimoja, na mzani uko kibarazani. Karani, mama wa makamo, alinifungulia jedwali la wanachama kwenye kompyuta. Safu ya namba za NIDA ilikuwa imejaa vitu kama `1.97E+19`, na ukibadilisha mpangilio wa safu ili namba zionekane zote, kila moja inaishia na sifuri tano.

“Shikamoo mama. Hizi sifuri za mwisho ndizo zilizoko kwenye vitambulisho?”

“Marahaba. Hapana, mwanangu. Naandika zote ishirini, nikibonyeza tu zinakuwa hivyo. Ndiyo maana nimezitunza huku.”

Akatoa kaunta buku lenye namba zote kwa mwandiko wake, safi na kamili. Programu ile ya majedwali huhifadhi tarakimu 15 tu za namba. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, nane za kwanza zikiwa tarehe ya kuzaliwa. JavaScript nayo haina uhakika juu ya namba kamili yoyote inayozidi 9,007,199,254,740,991. Hata nafasi ya biti 64 haitoshi, kwa kuwa inaishia kwenye 18,446,744,073,709,551,615, na namba ya kila aliyezaliwa kuanzia mwaka 1900 inaanza na 19 au 20. Namba za simu nazo zilikuwa zimepoteza sifuri ya mbele.

Nilikaa kwenye benchi lake na kuandika aina mpya upande wa seva: namba ya NIDA ni maandishi, tarakimu 20 kamili, bila kupungua wala kuzidi. Nikazalisha upya faili la TypeScript na kumtumia mwenzangu. Hapo pia palihitajika ulinzi wa pili. Aina za TypeScript hufutika msimbo unapogeuzwa kuwa JavaScript, na data inayosomwa kwa `response.json()` hupewa aina ya `any`, yaani chochote kile. Kwa hiyo seva inakagua kwa Pydantic kila kinachoingia, na ukurasa wa karani unakagua kwa maktaba ya Zod kila kinachopokewa. Mama aliingiza namba ya kwanza kutoka kwenye kaunta buku akiruka tarakimu moja kwa makusudi, kunijaribu. Mfumo ukakataa na kumwambia zimefika 19. Akaongeza iliyobaki, ikapita.

Wenzangu mnaoandika mifumo ya AMCOS, SACCOS na zahanati, nawaomba hivi: namba ya NIDA, ya simu na ya akaunti zihifadhini kama maandishi, maana hakuna anayezijumlisha. Aina za upande wa mtumiaji zizalisheni kutoka kwenye hati ya seva, msiziandike kwa mkono, na ukaguzi wa kila badiliko la msimbo uzizalishe upya na kugoma zikitofautiana na zilizopo. Zana zote nilizozitaja ni za bure, na kuziweka hakumalizi hata nusu siku.